Kiti cha Mbele

Theotima alikuwa ameshakaa, mkoba miguuni na kitambaa cha kichwa kimekazwa, Miss Polius, anayepanga magari getini, alipokuja kumgongea kioo.

"Mama Tima, hebu shuka kidogo. Nina mgeni mwenye goti bovu hapa. Huyu lazima akae mbele."

"Mbele nakaa mimi," Theotima alisema. "Mimi ndiye ninayewaeleza wageni njia nzima. Wewe unajua."

"Najua. Lakini mgeni amelipa na wewe hukulipa. Utawaeleza ukiwa nyuma. Sauti unayo, wewe! Kanisani ukiimba tunakusikia mpaka uwanjani."

Madereva waliosimama kwenye kivuli cha meli walicheka. Meli yenyewe ilikuwa imelala hapo gatini, ndefu kupita mtaa mzima wa mji wetu wa Castries, na watu walikuwa wanamiminika kutoka tumboni mwake na kofia zao mpya. Theotima hakucheka. Alimgeukia mumewe, Marcellin, aliyekuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Sema tumbo linakuuma," alimnong'oneza kwa Kikreoli.

"Wiki jana nilisema tairi. Wiki ile nyingine nikasema homa. Nikisema tumbo leo, huyu mwanamke ananitoa kwenye foleni."

"Akutoe."

"Tima, zimebaki meli tatu. Hii ni moja. Shuka, mama, watu wanatutazama."

Akashuka.

Sasa niwaambie mapema, maana hakuna haja ya kuficha: Marcellin alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia lilibaki na tundu dogo katikati, akitazama kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Kilichokuwa mbele yake moja kwa moja alikiona. Kilichokuwa pembeni hakikuwepo duniani.

Misimu miwili mke wake alikuwa ameketi kushoto kwake, upande wa mtaro na watembea kwa miguu, akimsomea barabara kwa Kikreoli. Mbuzi. Mama na ndoo. Sogea kulia. Kona inakuja, piga honi. Akigeuka nyuma anawaambia wageni kwa Kiingereza habari za migomba na jela ya zamani, akirudi mbele anamwambia mumewe punguza, kuna mzee na baiskeli. Wageni waliipenda sana lugha ile. Wengine walimrekodi kwenye simu, wakasema ni kama wimbo.

Na leseni? Leseni ilipatikana. Siku ya kupimwa macho, wakiwa wamekaa kwenye benchi la nje, Theotima aliingiza kichwa mlangoni kana kwamba anauliza choo kiko wapi, akazisoma herufi zote za ubaoni, akarudi akamkaririsha mumewe mstari kwa mstari kama mtoto anayefundishwa sala. Marcellin aliingia akazitaja bila kukosea hata moja. Walipotoka walikula samaki wa kukaanga sokoni na kucheka mpaka machozi. Kicheko kile Theotima alikuja kukijutia, lakini siku ile alicheka.

Makubaliano yao yalikuwa haya: msimu wa meli ukiisha, gari linauzwa. Mtu wa Vieux Fort alikuwa ameshalitazama na kulipiga mateke magurudumu. Zilibaki meli tatu, na baada ya hapo mpaka Novemba haji mgeni, na Marcellin anaacha mwenyewe bila kusukumwa na mtu, anakuwa mzee aliyestaafu kama wazee wengine. Hilo ndilo alilolitaka. Hakutaka kingine chochote isipokuwa kumaliza vizuri.

*

Theotima alidhani atapata walau kiti cha nyuma ya dereva. Lakini wageni walipanda kwanza, kumi na wawili, na walipokwisha kukaa kilibaki kiti kimoja cha kukunja kule mwisho kabisa, kando ya ndoo ya barafu na soda. Akakaa, magoti yakimgusa kidevu. Kutoka pale aliona kofia. Barabara hakuiona.

Mbele, mahali pake, alikaa mama mmoja mnene mwenye uso mwema, jina lake Darlene. Alikuwa amefunga goti bandeji ngumu, na simu ameinyoosha mbele akipiga picha kila kitu, hata kituo cha mafuta.

Walipanda mlima wa Morne. Theotima alinyoosha shingo, akapata kijitundu kati ya kofia mbili.

"Gari limesimama kushoto!" alipiga kelele kwa Kikreoli. "Mlango wake uko wazi!"

Marcellin akasogea kulia. Vizuri.

"Kona! Honi!"

Akapiga honi. Vizuri.

Bwana mmoja aliyekaa mbele yake, mwenye shingo nyekundu, alijiziba sikio. "Mama," alisema, "tunaweza kupunguza sauti kidogo? Sisi tunataka kumsikiliza dereva."

"Samahani, bwana. Nawaelezea."

"Unatuelezea kwa lugha ambayo hatuijui."

Mkewe akamfinya paja anyamaze. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu ambao hawajuani bado. Theotima naye akatabasamu, maana ndiyo kazi. Kisha kofia ya bwana yule ikaegemea upande na kijitundu kikaziba.

Mbele, Darlene alimuuliza Marcellin, "Mke wako ana hasira gani leo?"

"Hana hasira, madam. Anaipenda barabara hii."

*

Pale juu ya Marigot, mahali magari yote husimama watu wapige picha za ghuba, Marcellin aliegesha. Palikuwa na magari sita mbele yake, na nafasi ya mwisho, ile ya ukingoni kabisa isiyohitaji kurudi nyuma, ilikuwa wazi. Ilikuwa wazi siku zote. Aliingiza gari, akavuta breki ya mkono, akabaki amekaa. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Theotima aliwapita wageni, akaja dirishani.

"Marcellin, tuishie hapa. Tuwaambie gari limechemka."

"Gari halijachemka."

"Nakuambia sioni! Kule nyuma naona vichwa tu. Nitakusaidiaje?"

"Barabara hii nimeiendesha miaka thelathini na mmoja. Naijua kuliko ninavyoujua mwili wako."

"Barabara unaijua. Watu waliomo humo leo unawajua?"

Marcellin alitaka kwenda kujisaidia, na chooni pale kuna ngazi tatu, kwa hiyo Theotima alimshika kiwiko wakaenda pamoja. Aliushika mkono ule kwa namna ya wapenzi. Msichana mmoja wa kigeni aliwaona akasema tazama wanavyopendana wazee hawa, akawapiga picha. Marcellin alisimama akanyoosha mabega. Akatabasamu kuelekea mahali ambapo msichana hakuwapo.

Walipotoka, Theotima alimfuata Darlene aliyekuwa akinunua shanga.

"Madam, nisamehe. Naomba nikae mbele, wewe ukae nyuma ya dereva. Ni kazi yangu. Naifanya vizuri nikiwa mbele."

"Oh, mpenzi," Darlene alisema, na alimwonea huruma kweli. "Ningekupa. Lakini daktari kaniambia goti hili lisikunjwe." Akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa noti ya dola tano za Marekani, akamkunjia kiganjani. "Hii ni yako peke yako. Usimwonyeshe mumeo."

Theotima aliitazama. Kumrudishia kungetaka maneno mengi, na maneno aliyotaka kuyasema hakuwa na ruhusa ya kuyasema. Aliitia mfukoni, akasema asante, akarudi kwenye kiti chake cha kukunja.

*

Baada ya Anse La Raye barabara inaanza kujikunja kama utumbo, mlima mkono huu, korongo mkono ule. Kabla ya Canaries kuna nyumba wanakooka mikate ya muhogo, na akina mama huibeba kichwani kwenye sinia kupeleka kwa wauzaji. Siku hiyo alikuwa Ma Edwige. Alikuwa anatembea kushoto, juu ya mdomo wa mtaro, kama alivyotembea kila siku ya Mungu. Alilisikia gari, akaligeukia, akalitambua ni la Marcellin, akainua mkono. Kwetu dereva akimwona mtu anayemfahamu hupiga honi mbili fupi. Marcellin alikuwa hampiti mtu bila honi mbili. Ma Edwige alisubiri honi. Hakusogea, kwa sababu anayekufahamu hawezi kukukanyaga.

Darlene alimwona. Alimwona vizuri sana, ndani ya simu yake, akasema moyoni picha hii itakuwa nzuri.

Kule nyuma Theotima alikuwa anatazama mgongo wa kofia.

Kioo cha pembeni kiligonga sinia. Mlio wake ulikuwa kama sufuria lililoanguka jikoni. Ma Edwige alizunguka mara moja, akaenda mtaroni na mikate yake yote. Wageni wakapiga yowe. Marcellin akakanyaga breki, soda zikabingirika mpaka mbele.

"Nini?" Marcellin aliuliza. "Nimegonga nini? Mbuzi?"



Theotima hakungoja watu wampishe. Alipita juu ya magoti, juu ya mikoba, juu ya yule bwana wa shingo nyekundu, akashuka. Ma Edwige alikuwa ameketi ndani ya mtaro, maji ya sabuni yakimpita kiunoni, mkono mmoja ameushika kwa mwingine. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kufura.

"Ma Edwige! Umeumia wapi? Kichwa?"

"Kichwa kizima. Mkono ndio sijui." Kisha alimtazama Marcellin aliyekuwa anakuja akipapasa ubavu wa gari. "Wee Marcellin! Umekuwa kipofu? Nakupungia mkono kama mpumbavu, nawe unakuja tu, unakuja tu! Mikate arobaini!"

"Jua lilinipiga machoni, Ma Edwige."

"Jua gani? Jua liko mgongoni kwako."

Marcellin alisimama katikati ya mikate, na mmoja alikuwa ameukanyaga bila kujua.

Wakamtoa Ma Edwige mtaroni, wakamkalisha juu ya ukuta mdogo. Mke wa yule bwana alitoa barafu kwenye ndoo, akaifunga kwenye taulo la meli, akamwekea mkononi. Marcellin alimvuta Theotima pembeni.

"Hajavunjika," alisema kwa sauti ya chini, haraka haraka. "Nimemsikia anapiga kelele, mtu aliyevunjika hapigi kelele namna ile. Mikate nitamlipa. Soufrière, kwenye ile milima miwili wanayoijia, ni dakika ishirini kutoka hapa. Tuwapeleke wageni, turudi polepole. Utakaa mbele. Yule mama sasa atakubali."

"Marcellin."

"Tutakwenda polepole, Tima."

"Angekuwa hana sinia?"

"Nini?"

"Kioo kimegonga sinia. Angekuwa hana sinia kichwani kingegonga nini?"

Theotima alimwacha hapo, akaenda upande wa dereva, akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo. Injini ilikuwa bado inanguruma, ikakohoa, ikazimika. Kukawa kimya barabarani, ukasikika mto kule chini.

"Rudisha," Marcellin alisema.

"Sirudishi."

"Tima, wageni wanatazama."

"Waache watazame. Wamelipa."

Akawageukia wageni. Alikuwa amewaeleza watu wa meli mambo ya kisiwa hiki mara nyingi kuliko nywele za kichwa chake, lakini sasa Kiingereza kilimkimbia, akalazimika kukitafuta neno moja moja.

"Mume wangu haoni," alisema. "Haoni vizuri. Muda mrefu sasa. Mimi ndiye nilikuwa namwonea, nikiwa mbele. Naombeni radhi. Litakuja gari lingine."

Bwana wa shingo nyekundu aliuliza kama watarudishiwa pesa zao. Mwingine aliuliza kama meli itawaacha, maana inaondoka saa kumi na nusu. Mwingine alisema hili ni jambo la polisi, na mkewe akamwambia mwache kwanza mama wa watu apumue. Darlene alikuwa bado ameketi, goti limenyooka, simu imelala mapajani.

"Uliniomba kiti," alisema. "Uliniomba kiti, nikakupa dola tano."

"Hukujua, madam."

"Kwa nini hukuniambia?"

 

*

Aliyepigiwa simu ni Egbert, dereva mwenzake Marcellin, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, anarudi kutoka Soufrière na gari tupu. Marcellin hakumtaka. Tangu walipogombea uenyekiti wa chama cha madereva walikuwa hawanywi pamoja. Lakini Egbert alikuja baada ya dakika ishirini na tano, akashuka, akatazama mikate, akatazama kioo kilichoning'inia, wala hakuuliza kimetokea nini.

"Pandeni, mabibi na mabwana," aliwaambia wageni. "Mtaona milima yenu miwili na kula, na meli mtaiwahi. Lakini kwanza tunampeleka huyu mama kituo cha afya hapo Canaries."

Ma Edwige alikaa mbele. Darlene alipandishwa nyuma, watu wawili wakimshika kwapa, akakunja lile goti lisilokunjwa.

Egbert alimkaribia Marcellin. Walisimama kama majogoo wawili wazee waliochoka kupigana.

"Pole, mzee mwenzangu."

"Utakwenda kusema nini kule gatini?"

"Niseme kitu gani wasichokijua?" Egbert alivua kofia, akajikuna. "Unafikiri ile nafasi ya ukingoni pale Marigot inabaki wazi kila siku kwa bahati? Tunakuachia. Mwaka wa pili huu. Kijana mgeni akiegesha pale tunamfukuza."

Marcellin aliegemea gari. Lile lilimwumiza kuliko mengine yote ya siku ile, uso wake ulionyesha wazi. Miaka miwili amekuwa akiingia kijiweni kifua mbele, anataniana na watu, anawaambia nyinyi vijana hamjui kuendesha, nao wanacheka.

Theotima ndiye aliyewaka. "Mlikuwa mnajua! Wote mnajua mtu haoni, na mnamwacha abebe roho za watu? Nyinyi ni wanaume au ni nini?"

Egbert alimtazama kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya.

"Dada Tima," alisema, "sisi tulikuwa kwenye magari yetu. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yake."

Akavaa kofia. "Nitarudi kuwachukua saa kumi na moja, na nitakuja na mtu wa kuliendesha hili gari. Msiliguse."

*

Wakabaki wawili barabarani. Theotima hakuwahi kujifunza kuendesha, na aliyejua hakuweza. Aliokota mikate iliyokuwa haijalowa, kumi na tatu, akaipangusa moja moja na kuiweka juu ya boneti. Kisha alikaa juu ya ukuta mdogo. Marcellin alipapasa ukuta kwa kiganja, akakaa naye, wakaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Meli mbili tu zilibaki," alisema.

"Ndiyo."

"Ningeweza kumaliza."

"Pengine."

Gari lilipita, likapiga honi mbili. Marcellin aliinua mkono kuelekea sauti.

"Ni nani huyo?"

"Ti-Jo wa Dennery."

"Ah."

Kesho yake atakwenda mwenyewe ofisini kuiweka leseni juu ya meza, na karani atamwambia akae kwenye benchi asubiri zamu yake, naye atasubiri saa tatu nzima. Mtu wa Vieux Fort atapunguza bei kwa sababu ya kioo. Mkono wa Ma Edwige utafungwa plasta wiki sita, na wiki zote sita Theotima ndiye atakayemkandia muhogo. Lakini hayo yalikuwa bado.

"Marcellin," Theotima alisema. Miaka miwili alikuwa akimwambia aone nini, na swali hili hakuwahi kumuuliza kwa sababu aliogopa jibu lake. "Mimi unaniona?"

Alimgeukia. Kichwa chake kilisogea kidogo juu, kidogo chini, kama mtu anayetafuta tundu la kufuli gizani.

"Nakuona vipande vipande," alisema. "Nikilipata jicho, mdomo unapotea. Nikiupata mdomo, jicho limekwenda. Uso wako wote pamoja sijauona tangu Krismasi ya mwaka juzi."

"Na hukusema."

"Ungenizuia nisiendeshe."

Theotima alisogea, akaiziba ile nafasi ya mtu mmoja. Alikuwa analia, na kwa mazoea alitaka kugeuka asionekane. Akakumbuka, akabaki ametazama palepale. Alikata mkate wa muhogo katikati, akamwekea kipande kiganjani, akamkunjia vidole.

"Kula," alisema. "Saa kumi na moja ni mbali."